Mwaka Ambao Ndeshi Aliolewa

Mzee Mohinder alipofariki, mkewe alinipigia simu mwenyewe. Hakulia. Alisema tu, "Neema, njoo nyumbani, kuna daftari lako hapa." Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kwa majonzi. Nilikwenda nimenuna. Nilimfunga Glory mgongoni ingawa ana miaka mitatu na miguu yake inanigonga mapajani, maana hakuna wa kumwachia, na njia nzima ya kushuka kutoka Sekei nilikuwa najiambia: toa pole, kunywa chai, ondoka. Nikavua viatu mlangoni. Sebuleni viti vilikuwa vimeondolewa, mashuka meupe yametandikwa sakafuni, wanawake wamekaa wamejifunika vichwa, mmoja anawamenyea watoto machungwa. Lakini chumba cha kulia cha nyuma hakikuguswa. Meza ile ile ndefu, nailoni ile ile ya maua juu ya kitambaa, kabati lile lile la vioo lenye vikombe vya ushindi ambavyo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuvishika. Na kwenye kiti kile kile, kana kwamba miaka saba yote alikuwa ameenda msalani tu akarudi, alikaa Mwalimu Shirima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Neema. Umekuwa mama kabisa."

"Nimekuwa. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa." Akatoa karatasi kwenye bahasha ya kaki. "Umekuja wakati mzuri. Tunaweka ubao kule kiwanjani, wa kumkumbuka mzee. Majina ya wasichana wote wa ligi ya kwanza ya kriketi. Fundi anaanza kuandika Jumamosi. Nimeyatoa kwenye daftari kama yalivyo, wewe niangalizie tu kama herufi ziko sawa."

Nikasoma. Timu ya Levolosi, majina kumi na manne, la saba ni Neema Mbise. Timu ya Sekei, majina kumi na manne, la kwanza ni Ndeshi Elirehema. Nikasoma tena.

"Mwalimu, tulikuwa kumi na nne."

Akashusha sauti, ingawa wanawake wa sebuleni walikuwa wanaongea Kipunjabi na hawakuwa na habari na sisi. "Kwenye daftari mko ishirini na nane."

"Kwa hiyo unataka kuniandika mara mbili."

"Kwani ukiandikwa mara mbili unapungukiwa nini?"

Swali hilo nimerudi nalo nyumbani pamoja na daftari. Leo ni Alhamisi. Glory amelala chini ya feni ambayo haizunguki, sina jibu, na ndiyo maana naandika.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha tatu. Ya nyumbani kwetu naruka, hayahusiki, isipokuwa jambo moja. Shuleni na kanisani mimi ni Neema Mbise, na Mbise ni ukoo. Nyumbani, kwa Kimeru, tangu nizaliwe naitwa Ndeshi, na watu wakitaka kunitofautisha na akina Ndeshi wengine wanasema Ndeshi wa Elirehema, yaani wa baba yangu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Neema Elirehema Mbise. Ndeshi hayumo. Hakuna cha ajabu hapo, nusu ya darasa letu walikuwa hivyo, jina la mwalimu na jina la mama. Haikutupitia akilini hata siku moja kwamba hao ni watu wawili.

Kriketi ililetwa kwetu na Mwalimu Shirima. Mrombo, anafundisha jiografia, Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, na akianza kueleza kitu hata kengele haimzuii. Rafiki yake alikuwa Mzee Mohinder, Singasinga wa duka la vipuri vya magari kule Levolosi, ambaye alikuwa na mambo mawili tu duniani: duka, na daftari la alama. Kila Jumamosi asubuhi alikuja kiwanja cha shule na kiti chake cha kukunja, blanketi la kufunika magoti, na penseli tatu za rangi zilizochongwa kwa wembe. Sisi tulikuwa tunatandaza mkeka wa kijani juu ya ukanda wa saruji na kuupigilia misumari, mlima umeshavaa mawingu mpaka kiunoni, Julai ile ya baridi ya kukata masikio, na yeye anakaa pale kwenye kivuli cha darasa, bila kuhitaji kivuli, anasubiri mpira wa kwanza. Kila mpira uliorushwa aliuandika, sita kwa sita, na kila sita ni ova moja. Nukta kama haukuleta kitu, namba kama mpigaji alikimbia, alama nyekundu kama mtu ametolewa. Zaina, rafiki yangu wa Levolosi aliyekuwa na mdomo usiojua kutulia, siku moja alimwambia, "Babu, ile ova ya mwisho si ungetuongezea mbio mbili tu, nani ataona?" Mzee hakuinua hata kichwa. "Mpira ambao haukurushwa, mimi siandiki."

Baada ya mazoezi tulikwenda kula kwao. Wasichana kumi na nne na njaa yetu yote. Mama Kiran, mkewe, alikuwa anapika dengu nzito na chapati nyembamba za kukauka bila mafuta, na siku nyingine, kwa ajili ya Mwalimu, ndizi na nyama, na alizipika vizuri kuliko wanawake wengi wa Kichaga ninaowajua. Sisi tulikaa kwenye mkeka kando ya ukuta, wakubwa mezani, na hapo ndipo niliposikia habari zote za uanachama na hadhi za nchi kwenye kriketi ya dunia, vipande vipande, huku natafuna. Nilielewa robo. Mwalimu alikuwa anaeleza kwa vyombo. Aliweka sahani kubwa chache katikati ya meza. "Hawa ndio wanachama kamili. Wachache. Hawa ndio wanaocheza hata mechi ya siku tano." Halafu akapanga visosi pembeni, vingi. "Sisi ni hawa. Washirika. Kisosi."

"Na zamani hata kisosi chetu wenyewe hatukuwa nacho," Mzee Mohinder akasema. "Tulikuwa kisosi kimoja na majirani. Timu moja, Afrika Mashariki nzima. Mimi niliitwa majaribio. Nikauliza, tukishinda tunaimba wimbo wa taifa gani? Wakaniambia kaa chini."

"Ukakaa?" Zaina akauliza kutoka mkekani.

"Nimekaa mpaka leo."

"Naomba sahani zangu," Mama Kiran akasema. "Chakula kinapoa na nyie mnacheza kombolela na vyombo."

Lakini Mwalimu alikuwa hajamaliza. Mwaka ule, alisema, wakubwa wa kriketi ya dunia walikuwa wamebadilisha sheria. Mwanzoni mechi ya wanawake ya visosi kwa visosi ilikuwa haihesabiki popote, mnacheza, mnarudi nyumbani, basi. Sasa mechi yoyote ya wanawake ya ova ishirini, nchi mwanachama kwa nchi mwanachama, ni mechi kamili ya kimataifa. "Kamili," akarudia, na akagonga kisosi mpaka Mama Kiran akashtuka. "Msichana akiingia uwanjani siku hiyo anapewa namba yake. Wa kwanza, wa pili, wa ishirini. Jina linaandikwa duniani na halifutiki."

"Hata tukifungwa?" nikauliza. Nakumbuka nilikuwa na chapati mdomoni.

"Hata mkifungwa vibaya sana, Neema."

Sijui niseme nini kilinipata. Nilikuwa msichana ambaye mpaka siku ile jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye rejista ya darasa na kitabu cha kipaimara. Nilitazama kile kisosi nikakitaka. Hiyo ndiyo haja yangu ya mwaka ule, na naiandika waziwazi kwa sababu baadaye watu walizungumza kana kwamba sikuwa na haja yoyote.

Basi, kisosi hakitolewi tu. Nchi mwanachama lazima ionyeshe kwamba mchezo upo: viwanja, vijana, ligi, timu za wasichana, na mechi zilizoandikwa. Mwalimu alisema sisi wa Arusha, ili tuhesabike kwamba tuna ligi ya wasichana, tuwe na timu nne. Wanachuo wa Makumira walikuwa na yao. Shule moja ya Usa River ilikuwa na yake. Tulibaki sisi, kumi na nne, ambao kwa hesabu ya kawaida ni timu moja na wasichana watatu wa akiba. Wazo lilikuwa la Mwalimu. Asubuhi tutakuwa Levolosi, mchana tutakuwa Sekei. Mzee Mohinder alikataa. Walibishana wiki nzima kwenye ile meza, sisi tunasikia. Mwalimu akasema, mwakani watoto wadogo watakuja, timu ya pili itakuwa ya kweli, sasa hivi tunashikilia nafasi tu, kama mtu anayeweka kitambaa kwenye kiti. Mzee akasema, "Siwezi kuandika mtu ambaye hayupo." Na hapo Mwalimu, kwa akili zake za jiografia, akatugeukia sisi wa mkekani. "Neema, nyumbani wanakuitaje?"

"Ndeshi."

"Ndeshi yupo au hayupo?"

"Yupo," nikasema, na wenzangu wakacheka.

Ndivyo ilivyofanyika. Kila mmoja akatoa jina la pili. Zaina hakuwa nalo, Zaina ni Zaina kila mahali, akachukua la bibi yake aliyekuwa bado hai, na bibi akatuma salamu kwamba akifunga mbio nyingi aletewe zawadi. Mzee aliandika kwa shingo upande. Alituambia sharti lake: kila mpira utarushwa kweli, kila mbio itakimbiwa kweli, na kila jina atakaloandika liwe jina ambalo kuna mtu anaitika akiitwa. Kwa hiyo daftari lile, na hapa ndipo akili yangu inapokwama mpaka leo, halina uongo. Geuza ukurasa wowote. Yote yalitokea.

Mama Kiran ndiye aliyetengeneza jezi. Levolosi walivaa fulana nyeupe. Za Sekei alizitia manjano ya jikoni, kwenye sufuria kubwa ya harusi, zikatoka njano nzuri ya kung'aa, ila ukitoka jasho inachuja. Jioni ungetutambua barabarani, shingo za njano. Mwalimu, ili kutenda haki, aligeuza mpangilio. Aliyekuwa anachelewa kupiga Levolosi, alitangulizwa Sekei. Mimi nilikuwa wa saba Levolosi, maana dada wakubwa walikuwa wengi. Nikiingia ova zimebaki mbili tatu, nakimbizana, natolewa. Sekei nilikuwa wa kwanza. Naingia mpira bado mpya na mgumu, kiwanja chote kimenisubiri, muda ninao. Ndeshi alikuwa mpigaji. Neema alikuwa mtu wa kujazia. Wenzangu walianza kunitania, "Leo umekuja wewe au amekuja yule anayejua?"

Shida ilikuja ratiba ilipofika Levolosi na Sekei, maana kwenye ligi kila timu lazima ikutane na kila timu. Mtu mwenye busara angeandika tu matokeo akaenda kunywa chai. Mzee Mohinder alisema mpira usiporushwa haandiki. Kwa hiyo tuliucheza. Wapigaji huwa ni wawili kwa wakati mmoja na wanaozuia ni kumi na mmoja, jumla kumi na tatu, na sisi tulikuwa kumi na nne, kwa hiyo ilitosha na mmoja wa kushika maji. Levolosi walianza kupiga. Ukiacha wapigaji wawili, sote tuliingia na njano, tunazuia, na zamu yako ikifika unakimbia nyuma ya darasa, unavua njano, unavaa nyeupe, unaingia kupigania Levolosi dhidi ya wenzako. Ukitolewa, unarudi nyuma ya darasa, unavaa njano, unaungana na waliokutoa kuwashangilia. Halafu nusu ya pili kinyume chake. Hatukucheza kivivu. Nilimtoa Zaina kwa mpira ulioangusha vijiti vyote vitatu, akanitukana, kisha akaja kusimama pembeni yangu na njano yake inachuruzika, akaniambia, "Sasa mtoe na huyu, anaringa." Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi mbivu nje ya ua alitazama muda mrefu, ndoo kichwani. "Mwalimu," akaita, "hawa ni timu mbili, au ni timu moja imegombana?"

"Mbili, mama."

"Haya. Ila huyo mwenye shingo ya njano nimemwona kote kote."

Siku hiyo Sekei walishinda. Ndeshi Elirehema alikaa mpaka ova ya mwisho bila kutolewa. Mzee aliposaini ukurasa alinitazama kwa juu ya miwani yake akasema, "Mtoto, huyu wa njano ni mchezaji." Nikaona fahari, halafu nikaona wivu. Nilimwonea wivu. Mimi huyo huyo.

Nakala za daftari zilikwenda zinakokwenda. Baada ya mvua za vuli barua ikaja. Mwalimu aliileta kwa Mzee Mohinder siku ya Jumamosi, na mimi nilikuwa jikoni na Mama Kiran, namsaidia kusukuma chapati, wenzangu bado wanaosha miguu bombani. Mlango wa jikoni na chumba cha kulia ni pazia la shanga tu. Nikasikia karatasi inafunguliwa. Nikasikia Mwalimu anasoma: Arusha inaombwa kumleta msichana mmoja kwenye kambi ya kuchagua timu ya taifa, kwa ajili ya mashindano na nchi jirani, mechi zenye hadhi kamili. Ndeshi Elirehema, wa Sekei.

Mama Kiran aliacha kugeuza chapati, ikaanza kutoa moshi.

"Si ni Neema," Mzee akasema. "Peleka Neema."

"Nampelekaje? Pasipoti inataka cheti. Cheti kinasema Neema Mbise. Nikisema Neema Mbise na Ndeshi Elirehema ni mmoja, wanafungua daftari lako hili hili, wanakuta siku moja, kiwanja kimoja, mmoja anarusha na mwingine anapiga. Watauliza timu ngapi. Na wakishauliza timu ngapi, Arusha haina ligi, na wasichana wote kumi na nne, mwaka mzima wao, haupo. Na sijui itaishia Arusha tu au itaipunguzia nchi nzima. Sijui, mzee. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Mimi pia."

"Nitaandika barua. Nitasema kosa ni langu."

"Mzee, utaandika uwaambie nini, kwamba mipira ni ya kweli?"

Mzee akasukuma pazia. Nilikuwa nimesimama na mpini wa kusukumia, unga mpaka viwikoni. Akaniuliza. Kumbukumbu yangu inasema aliniuliza mara moja. "Mtoto, umesikia. Unaonaje?" Nyuma yake nilimwona Mwalimu, barua mkononi, na nje dirishani niliwaona wenzangu wanarushiana maji, Zaina amemwagiwa mgongoni anafoka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Watu wazima wawili ambao hawajui, wananiuliza mimi ninayejua robo. Nikasema, "Sawa."

Sijui nilikuwa namaanisha sawa niende au sawa nisiende. Nasema ukweli. Nilisema sawa kama unavyomjibu mkubwa anapokutuma, kabla hata hajamaliza sentensi. Mwalimu akashusha pumzi. Na kwenye barua ya kujibu akaandika kwamba msichana huyo kwa bahati mbaya hapatikani tena, ameolewa, amehama.

Hilo ndilo lililoniunguza nilipolijua, na bado linaniunguza. Si uongo wenyewe. Ni jinsi ulivyopita kirahisi. Angesema ameumia mguu, wangeuliza mguu upi, atapona lini. Angesema mitihani, wangeomba ruhusa shuleni. Alisema ameolewa, na hakuna mtu yeyote, sehemu yoyote, aliyeuliza ameolewa na nani, wapi, na akiwa na miaka mingapi. Msichana mfungaji bora wa mkoa, ameolewa, basi, faili limefungwa, leteni mwingine. Walimchukua binti wa mkoa mwingine. Alicheza. Alipewa namba. Nimeshamtafuta kwenye simu, yumo, jina lake na mbio zake, chache tu, siku ile walifungwa vibaya sana kama Mwalimu alivyoahidi. Simchukii. Usiku mwingine nikimnyonyesha Glory, enzi hizo, nilikuwa nafungua ule ukurasa namtazama tu.

Niliendelea mwaka mmoja na kitu, halafu nikaacha. Baba yake Glory ni habari nyingine na siiandiki hapa. Nilipoonekana na tumbo watu wa mtaani walisema, "Kumbe Neema ameolewa?" Hapana. "Basi ndiyo hivyo." Hiyo "ndiyo hivyo" nikaitambua sauti yake.

Na sasa nieleze kinachonichanganya zaidi, maana ningekuwa na hasira tu ningekuwa nimeshamaliza. Mwalimu alikuwa sahihi. Mwaka uliofuata watoto walikuja. Sekei sasa kuna timu ya kweli, nimewaona, wanafanya mazoezi nyuma ya nyumba ninayopanga, wana jezi za dukani ambazo hazichuji. Kocha wao aliniambia kuna mmoja ameshaitwa kambini, kwa jina lake mwenyewe, cheti chake mwenyewe. Kile kiti tulichokiwekea kitambaa, kuna mtu amekuja kukaa. Sasa mimi nimeibiwa, au nimetoa? Kama nilitoa, mbona sikumbuki kutoa? Kama niliibiwa, mbona aliyeniibia alinilisha chapati mwaka mzima?

Nilimwuliza Mama Kiran siku ile ya pole, kwenye jikoni lile lile, Glory anavuta shanga za pazia. "Mama, mzee aliniuliza kweli? Au nimejitungia?"

"Alikuuliza mara tatu, binti yangu. Mara tatu ulisema sawa. Hakulala vizuri kwa sababu ya hiyo sawa yako." Akafuta mikono. "Alikuwa anasema, yule mtoto angesema hapana hata mara moja, ningeandika barua."

Nikataka kumjibu vibaya. Mtu wa miaka kumi na saba ndiye wa kumfundisha mzee kukataa? Nikamtazama, shuka jeupe la msiba mabegani, nikaenda kumtoa Glory kwenye shanga.

Daftari nimelisoma lote. Majedwali, nukta, rangi tatu. Jana nimejumlisha mbio za Neema na mbio za Ndeshi kwa penseli ya macho, mara mbili, ili nisikosee. Nikiwa mtu mmoja, hakuna msichana aliyenikaribia mwaka ule, si wa Makumira, si wa Usa River. Ukurasa wa mwisho kuna orodha ya wachezaji na maelezo yao. Mbele ya Ndeshi Elirehema, kwa mwandiko wa Mwalimu wa ubaoni, imeandikwa: Ameolewa, amehama. Na chini yake, kwa penseli iliyochongwa kwa wembe, herufi ndogo za mzee ambaye hakuandika kitu asichokiona: Ndoa hii sikuiona. M.

Miaka saba maneno hayo yalikuwa kwenye kabati la vioo. Hayakumsaidia mtu. Lakini aliyaandika.

Leo mchana nimempigia Mwalimu. Nikamwambia ubao wake uniandike mara moja, jina zima, Neema Ndeshi Elirehema Mbise, na mbio zote kwenye mstari mmoja. Wengine kumi na tatu wajiamulie wenyewe.

"Watu watauliza, Neema."

"Waulize."

"Na Sekei ya mwaka ule itabaki na nani?"

"Sijui, Mwalimu. Wewe unajua?"

Nikakata simu, Glory alikuwa ameamka analia. Mpaka sasa sina uhakika kama nimefanya vizuri. Pengine mtu mkubwa huko ataona ubao, atahesabu, na itawagusa hawa watoto wa nyuma ya nyumba ambao hawana kosa lolote. Pengine hakuna atakayesoma. Nimembembeleza Glory, nimempa uji, nimefungua tena ukurasa wa mwisho. Chini ya penseli ya mzee kulikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Nikachukua kalamu ya wino nikaandika: Hajaolewa. Hajahama. Aliulizwa mara tatu akasema sawa, na haikuwa sawa.